Wageni Getini kwa Mama Zodwa

Watu wengine huogopa nyoka, wengine huogopa mama mkwe. Hyasinta Mabaso aliogopa kila kitu chenye miguu, na vitu kadhaa visivyo nayo. Aliishi Observatory, mtaa wa mlimani jijini Johannesburg, katika nyumba yenye ukuta. Juu ya ukuta kulikuwa na nyaya za umeme, nyuma ya ukuta geti, nyuma ya geti mlango wa nondo, na nyuma ya nondo mlango wenyewe, uliojaa makufuli kama bohari ya serikali. Mwizi ambaye angefaulu kuingia humo angestahili kuajiriwa, si kufungwa.

Hakuzaliwa hivyo. Alizaliwa Morogoro, katika nyumba ambayo mlango wake ulikuwa pazia. Huko ndiko alikokutana na Vusi Mabaso, mmoja wa wale vijana wa Afrika Kusini waliokaa Mazimbu wakingoja nchi yao ikombolewe. Wakapendana, wakaoana, na ukombozi ulipofika Hyasinta akafunga mizigo, akambeba binti yao Zodwa mgongoni, akamfuata mumewe Johannesburg. Vusi aliwahi kulala porini Angola na bunduki ikiwa ndiyo mto wake. Hakuona sababu ya kufunga mlango wa jikoni. Kisha siku moja akafa kwa maradhi ya moyo, akitazama mpira, na ujasiri wote wa nyumba ile ukazikwa pamoja naye.

Zodwa, aliyekuwa na kazi nzuri benki huko Sandton, akaamua kumlinda mama yake kwa njia anayoijua mtu mwenye kazi nzuri, yaani kununua vitu. Kila alipokuja kumwona alikuja na fundi. Akamwekea ving'ora, akamwekea kamera getini, akamvisha shingoni kitufe chekundu ambacho ukikibonyeza walinzi wenye silaha huja na gari. Na kila kifaa kilipoongezeka, hofu ya Hyasinta nayo ilinenepa. Kabla ya kamera hakujua kwamba watu wengi kiasi kile hupita barabarani. Sasa aliwaona wote, na kila mmoja alimwona anatazama geti lake.

Halafu kulikuwa na kundi la WhatsApp. Liliitwa Macho ya Mtaa, na mkubwa wake alikuwa Bwana Lategan, mstaafu wa nyumba ya ng'ambo ya barabara, mwenye darubini aliyoinunua zamani kwa ajili ya kutazama ndege. Ndege walikuwa hawamhusu tena. "Mtu mweusi amesimama karibu na robot," aliandika Bwana Lategan asubuhi, robot kwao ikiwa ni taa za barabarani. "Mtu mweusi bado amesimama," aliandika mchana. Mtaa wenyewe ulikuwa na weusi wengi kuliko weupe, Hyasinta akiwa mmoja wao, lakini kila ujumbe wa aina hiyo ulipoingia alikimbilia dirishani kumtafuta huyo mtu mweusi. Mara nyingi aligeuka kuwa fundi bomba, au mume wa mtu.

Kanisani nako hakupata nafuu. Alikuwa akisali Yeoville, katika kanisa la Wakongo lililokuwa ghorofani juu ya duka la mitumba, mahali pekee alipoweza kumwimbia Mungu kwa Kiswahili. Mchungaji wao, Pasta Hénock, alikuwa mtu wa Lubumbashi, mwenye suti nyeupe, miwani myeusi, na viatu vilivyochongoka mbele hivi kwamba vilifika madhabahuni kabla yake.

"Hofu ni pepo!" alikuwa akinguruma. "Mukristo wa kweli hapana ogopa! Ukiogopa, maana yake humwamini Mungu!"

Mara tatu alimwekea Hyasinta mikono kichwani na kumfukuza pepo huyo. Pepo alitoka Jumapili, akarudi Jumatatu, tena amenawiri. Basi juu ya hofu ya wezi, ya moto na ya simu zisizojulikana, Hyasinta akaongeza hofu mpya: aliogopa kwamba anaogopa, na kwamba Mungu ameona. Aliposoma kwenye Macho ya Mtaa kwamba mwanamke mmoja amenyang'anywa mkoba kule Bez Valley, mtaa wa jirani, akaacha kwenda kanisani kabisa. Alijiambia kwamba Mungu yuko kila mahali, hata jikoni. Hilo ni kweli, ila hata huko Hyasinta hakuzungumza Naye. Alikaa tu akitazama kamera.

Wanawake wa kanisa wakaona kiti chake kitupu. Kiongozi wao alikuwa Mama Victorine, mwanamke mnene wa Bukavu aliyekuwa akiuza samaki wakavu na sombe, kisamvu cha kwao, katika soko la Yeoville. Alimpigia simu Hyasinta, na Hyasinta hakupokea, kwa kuwa Bwana Lategan aliwahi kuandika kwamba wezi hupiga simu kwanza kuangalia kama uko nyumbani. Akapiga tena, Hyasinta akaizima simu na kuifunika na mto.

"Kama kondoo hakuye," akasema Mama Victorine, "siye tutamufata kwake."

Hivyo Jumamosi moja ya Oktoba, mwaka 2018, saa nne asubuhi, wakapanda mlima. Mama Victorine alibeba sufuria ya sombe iliyofungwa kwa kitenge. Nyuma yake walikuja wanawake wawili wa kwaya, kisha kijana mpiga kinanda na kinanda chake ndani ya mfuko mrefu mweusi, na mwisho Pasta Hénock mwenyewe, suti nyeupe, miwani myeusi, akihema. Mijakaranda ilikuwa imechanua na barabara yote imetandazwa maua ya zambarau. Wakafika getini. Wakabonyeza kengele.

Hyasinta alikuwa mezani, na chai yake ilikuwa imepoa tangu zamani. Aliposikia kengele akaruka, akaenda kwenye kioo cha kamera. Kamera ile ilikuwa na tabia ya kumfanya kila mtu aonekane ametoroka jela. Akaona mwanamume mwenye suti nyeupe na miwani myeusi, kama mkubwa wa majambazi kwenye sinema. Akaona kijana na mfuko mrefu. Bunduki, bila shaka. Akaona furushi la kitenge mikononi mwa mtu mnene, na furushi lilikuwa linafuka moshi.

Akaandika kwenye Macho ya Mtaa, kwa Kiingereza, maana ndiyo lugha ya kundi: kuna watu wa kutiliwa shaka getini kwangu, ni wageni, wana mfuko mrefu. Ajabu ya Kiswahili ni kwamba anayefukuzwa nchini na anayekaribishwa kwa chai wote huitwa mgeni. Kiingereza kina neno la mmoja na neno la mwingine. Hyasinta, aliyeingia nchi ile na mtoto mgongoni na neno lake moja la Kizulu, alichagua lile la kufukuza. Kisha akabonyeza kitufe.

Mwaka uliotangulia, jirani yake alipoibiwa kweli, gari la walinzi lilifika televisheni ikiwa imeshapata mwenyewe mpya. Siku hii walifika kabla Hyasinta hajaondoa kidole. Gari likapiga breki, wakaruka walinzi wawili, mmoja kijana mwenye bastola iliyokuwa ikitetemeka kuliko yeye mwenyewe, mwingine mtu mzima aliyevuta kofia hadi machoni.

"Chini! Wote chini! Mikono mbele!"

Wa kwanza kulala alikuwa Pasta Hénock. Alianguka kifudifudi katikati ya maua, kwa wepesi ambao haukuwahi kuonekana madhabahuni, akaanza kulia. "Pardon, chef! Pardon! Mimi napita tu! Hawa siwajui!"

Wanawake wa kwaya wakalala. Kijana akalala juu ya kinanda chake, na kinanda kikatoa mlio wa kusikitisha. Mama Victorine alichelewa. Kwanza aliiweka sufuria pembeni ili sombe isimwagike, ndipo akashuka taratibu, mkono mmoja, mkono wa pili, hadi shavu likagusa lami. Akiwa pale chini akainua jicho, akamtazama yule mlinzi wa kofia.

"André?" akasema. "Ni weye, André? Mwana wangu, hautujue?"

Mlinzi akatazama pembeni. "Kimya, mama," akasema kwa Kiingereza.

Huyo André alikuwa mpanga viti wa kanisa lao. Kila Jumapili alisimama mlangoni akiwaambia watu karibuni, karibuni, Yezu anawapenda. Lakini kazini alijiita Andries, na alikuwa amewaambia wenzake kwamba ni Mvenda wa Limpopo, mzawa wa nchi ile, kwa sababu mkubwa wake alipenda kusema kwamba Wakongo ndio wanaomaliza kazi nchini.

Ndani ya nyumba, sauti zote hizo zilikuwa zikiingia kupitia kipaza sauti cha getini. Hyasinta alisikia "mwana wangu, hautujue", akahisi kama amemwagiwa maji baridi. Aliijua sauti hiyo. Ilikuwa sauti inayotangulia kwaya nzima kila Jumapili, na kukosea. Akasogeza uso kwenye kioo. Lile furushi la moshi lilikuwa sufuria. Yule jambazi mkuu alikuwa mchungaji wake, analia.

"Mungu wangu," akasema, "nimefanya nini?"

Hakuna anayejua alifungua vipi milango yote ile. Yeye mwenyewe hakumbuki. Alitoka pekupeku, kanga kifuani, soksi ya nailoni imebana nywele kichwani, anapiga kelele. Na jinsi alivyotaharuki, Kiingereza chake chote kilimkimbia, na Kizulu nacho kikafuata, akabaki na ile lugha ya nyumbani kwao.

"Waacheni! Jamani, waacheni! Ni wageni wangu! Wageni wangu hao!"

Yule kijana mwenye bastola alimwona jambazi wa sita akitokea ndani ya uwanja, akipayuka kwa lugha ileile ya wenzake. "Na wewe! Chini!"

"Mimi ndiye mwenye—"

"Chini!"

Hyasinta akalala. Ndivyo ilivyokuwa: mwenye nyumba, mwenye geti, mwenye kamera na mwenye kitufe, amelala kifudifudi mbele ya ukuta wake mwenyewe, ameonyeshwa bastola na watu walioitwa kumlinda. Kitufe chenyewe kilikuwa kimembana kidari.

Ubavuni kwake Mama Victorine alikuwa akisema kitu, polepole, macho yamefumbwa. Hyasinta alidhani anawalaani, na angekuwa na haki. Akasikiliza.

"Yezu, miye naogopa," alikuwa akisema. "Naogopa mubaya, Yezu. Moyo inakimbia. Ukuye hapa karibu. Kaa hapa."

Alisema hivyo tu. Hakunguruma, hakumfukuza mtu. Alisema kama unavyomwambia mtu wa nyumbani akuletee maji.

"Mama Victorine," Hyasinta akanong'ona, "kumbe na wewe unaogopa?"

Mama Victorine akafumbua jicho moja. "Eh! Nani hapana ogopa? Nalikimbia vita, mutoto kwa mugongo, naogopa tangu ile siku mpaka leo."

"Lakini Pasta anasema hofu ni pepo."

"Pasta iko pale. Umuangalie."

Hyasinta akageuza shavu. Pasta Hénock alikuwa amejikunja kama kamba kikaangoni, maua ya zambarau yamemganda kwenye suti, anaahidi kwa Kifaransa kwamba akinusurika atakuwa mtu mwema.

"Hofu inakuya, ninamupatia Yezu," Mama Victorine akaendelea. "Kesho inarudi, ninamupatia tena. Yeye hachokake. Weye unachoka juu unaibeba peke yako, na tena unaificha."

Hyasinta hakuwa na pa kuificha tena. Midomo ikiwa karibu na lami, akasema, "Bwana Yesu, naogopa. Naogopa tangu Vusi alipoondoka. Naogopa hata kukwambia kwamba naogopa. Nimewaumiza hawa kwa sababu ya woga wangu. Kaa na mimi."

Bastola ilikuwa bado hapo. Kijana alikuwa bado anatetemeka, na mtu anayetetemeka ndiye wa kuogopwa kuliko wote. Hakuna kilichobadilika barabarani. Lakini kifua cha Hyasinta, ambacho kwa miaka kilikuwa kama mlango uliobanwa na unyevu, kikaachia. Akavuta pumzi, nayo ikaingia hadi chini kabisa. Alishangaa hewa ilivyokuwa nyingi. Mama Victorine akausogeza mkono wake polepole juu ya lami, akamshika kidole.

André aliwaona wakishikana. Kisha akavua kofia.

"Weka hiyo chini, bhuti," akamwambia mwenzake. "Huyu ndiye mteja wetu, mwenye nyumba. Na hawa ni watu wa kanisa langu."

"Kanisa lako?" kijana akauliza. "Si wewe ni Mvenda?"

"Mimi ni wa Bukavu."

"Eish," akasema kijana, akashusha bastola, na eish hiyo ilikuwa ndefu kama wimbo wa taifa.

Wakati huo Bwana Lategan alikuwa amevuka barabara, kaptura na soksi za magotini, simu mkononi. Akainama. "Mama Mabaso!" akasema. "Unafanya nini huko chini?" Kana kwamba mwenzake ameamua tu kupumzika hapo.

Hakusema, ila simu ilisema, kwamba alikuwa ameshapiga picha na kuituma: watano wamekamatwa, wa sita ametolewa ndani ya nyumba, pongezi kwa walinzi. Chini yake majirani walipiga makofi. Mama mmoja, yule aliyeleta keki kwenye msiba wa Vusi, aliongeza kwamba huyo wa sita ana sura ya kikatili kuliko wote.

Hyasinta akainuka, akajifunga kanga vizuri. Akawaomba radhi mmoja mmoja, akiwashika mikono: wanawake wa kwaya, kijana wa kinanda, Mama Victorine. "Mimi ndiye niliyewaitia hawa," alisema. "Niliwaona kwenye kamera nikawaita wezi." Mmoja wa wale wa kwaya aliuvuta mkono wake; alikuwa na mchubuko wa lami shavuni, na haukuwa mzaha. Hyasinta hakumlazimisha. Aliwaomba waingie. Yule wa mchubuko aliingia wa mwisho, akakaa karibu na mlango.

Pasta Hénock naye aliingia, akapangusa maua, akavaa miwani, na sauti yake ikarudi. "Sasa tusimame!" akanguruma sebuleni. "Tumfukuze huyu pepo wa—"

"Pasta," Mama Victorine akasema, "ukae kwanza. Ukunywe chai."

Pasta akakaa, akanywa. Sombe ilikuwa bado ya moto. André alisimama nje ya nondo, anasitasita, mpaka Mama Victorine alipomwita kwa jina lake kamili na kumwambia chakula hakiulizi paspoti. Aliingia akala akiwa ameinamisha kichwa. Alipomaliza akasema, "Mama, niliogopa kupoteza kazi." Mama Victorine akamwongeza sombe, na hilo ndilo lililokuwa jibu lake. Yule wa mchubuko alimpitishia chumvi.

Kazi hakuipoteza. Yule mwenzake hakumsema; badala yake alianza kumfundisha ndani ya gari Kivenda kidogo alichokijua, ili siku mkubwa akiuliza asiumbuke.

Zodwa alipopata habari alipiga simu kwa ukali. "Mama, ulitoka bila kuhakikisha usalama?"

"Nilitoka, mwanangu."

"Na kama wangekuwa wezi kweli?"

"Ningeogopa," akasema Hyasinta. "Na ningemwambia Mungu kwamba naogopa."

Zodwa akasema ataleta fundi wa kuangalia kamera. Hyasinta akamwambia alete na mjukuu. Kitufe hakukitupa, yeye si mjinga, na Johannesburg ni Johannesburg. Alikitundika jikoni kwenye msumari, karibu na chujio la chai. Kwenye kundi la Macho ya Mtaa alijitoa. Alivyosikia baadaye, kundi lilijadili kuondoka kwake siku nzima, na likakubaliana kwamba ni jambo la kutiliwa shaka.

Hofu haikuhama. Ilimjia mara kwa mara, hasa upepo ukigonga bati, na alipoisikia alifanya kama alivyofundishwa barabarani: aliisema kwa jina, akamkabidhi Bwana, akaendelea kumenya viazi. Siku nyingine ilimlazimu kumkabidhi tena kabla viazi havijaisha.

Jumapili iliyofuata aliteremka kwa miguu hadi Yeoville, mkoba kwapani, akinong'ona njia nzima. Mtu mmoja alimuuliza saa. Hyasinta akaruka, akaomba msamaha, akamwambia saa. Alifika kanisani amelowa jasho. Mlangoni André akamwambia karibu, akampangia kiti pembeni mwa Mama Victorine.

Pasta Hénock alipanda madhabahuni na suti mpya ya buluu. Akasimulia jinsi wiki ile alivyoshambuliwa na watu wenye silaha katika mtaa wa matajiri, jinsi alivyolala chini kwa imani, na jinsi sauti yake ilivyowafanya wauaji wale washushe bunduki. Kanisa likapiga vigelegele. Kijana wa kinanda alikohoa.

"Nani hapa haogopi?" Pasta akanguruma. "Nani haogopi kitu? Asimame!"

Viti vikagonga. Kanisa zima likasimama, mikono juu, waliokuwa wamefunga milango kwa makufuli matatu kabla ya kutoka nyumbani, walioficha simu ndani ya sidiria, waliokuja kwa njia ya mzunguko ili kukwepa askari wa uhamiaji. Wote hawakuogopa kitu.

Wanawake wawili tu walibaki wamekaa. Mama Victorine alifungua leso yake, akatoa karanga za kukaanga, akammiminia Hyasinta nusu kiganjani. Wakakaa hapo katikati ya msitu wa migongo, wakala karanga, wakimngoja Pasta amalize.